Kabla ya Kununua Kadi ya Grafiki kwa Ajili ya TV ya Sebuleni

Kompyuta za mezani zilizostaafishwa maofisini Ulaya na Marekani zimejaa madukani, kuanzia Kariakoo hadi barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre: mashine imara, zinauzwa kwa bei ya mtumba, na familia nyingi sasa zinazinunua kwa kazi moja tu, kuzichomeka kwenye TV ya sebuleni ziwe sinema ya nyumbani. Filamu, mpira, YouTube, katuni za watoto, video ya harusi ya dada. Mwanzoni kila kitu kinakwenda vizuri. Kisha siku moja mnaweka filamu fulani, sauti inaendelea kama kawaida, lakini picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Fundi anapoulizwa anajibu kwamba mashine inataka kadi ya grafiki. Mwenye nyumba anakwenda dukani, na swali lake la kwanza huwa moja: hii ina GB ngapi?

Swali hilo limewapotezea watu wengi fedha zao, na inasikitisha kwa sababu mara nyingi ni fedha iliyokusanywa kidogo kidogo. GB za kadi ni muhimu kwa mcheza gemu na kwa mchoraji wa majengo. Kwa mtazamaji wa filamu karibu hazina kazi. Picha moja ya 4K ina nukta zipatazo milioni 8.3, hata kadi ikishikilia picha 15 za namna hiyo kwa wakati mmoja, bado haijajaza nusu ya GB 1. GB 2 zinatosha kabisa. Kinachoamua kama filamu itatiririka au itaganda ni kitu kingine, ambacho hakiandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi: ndani ya chipu ya kadi kuna sehemu ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya kufungua video tu, nayo hufungua aina zile za video ilizofundishwa siku ilipoundwa. Aina isiyoijua haiigusi. Kazi yote inarudi kwa prosesa, na prosesa ya zamani inazidiwa.

Kwa hiyo tuanze na aina zenyewe. Video yoyote imekandamizwa kwa mbinu inayoitwa kodeki. H.264 ilitoka mwaka 2003 na ndiyo inayotumika kwenye filamu nyingi za kawaida. Karibu kila kompyuta iliyo sokoni leo inaifungua bila jasho. HEVC, ambayo pia huitwa H.265, ilitoka mwaka 2013, na inabana faili kuwa dogo zaidi kwa ubora uleule. Simu nyingi za sasa zinaweza kurekodi kwa HEVC, na mpiga picha wa harusi aliyekukabidhi video ya 4K huenda alitumia hiyohiyo. VP9 ni ya Google, nayo YouTube inaitumia sana, hasa ukipanda juu ya 1080p. AV1 ilitoka mwaka 2018 na inazidi kuenea. Juu ya majina hayo kuna neno moja dogo la kuangalia: biti 10. Video ya HEVC ya biti 8 na ya biti 10 zinafanana kwa jina, lakini chipu inaweza kuifungua moja na kuishindwa nyingine. Faili lenye maneno x265 na 10bit kwenye jina lake ndilo hasa linalozitoa jasho mashine za zamani.

Kabla hujatoa hata senti, hakikisha kwamba unahitaji kadi. Fungua ile filamu inayoganda kwa programu ya VLC, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja upate Task Manager, uende kwenye Performance. Ukiona CPU imepanda hadi karibu asilimia 100 huku mstari wa Video Decode chini ya GPU umelala kwenye sifuri, basi kweli prosesa inabeba mzigo peke yake. Kwenye mashine za zamani sana sehemu hiyo ya GPU inaweza isionekane kabisa; hapo angalia CPU pekee. Lakini ukiona CPU imetulia kwenye asilimia 15 na picha bado inaganda, kadi mpya haitakusaidia. Tafuta tatizo kwenye flashi ya polepole, diski kuu inayokaribia kufa, au intaneti.

Jambo la pili ni kusoma namba ya prosesa yako, maana kizazi chake kinakuambia karibu kila kitu. Kwenye Intel Core, namba inayofuata kistari ndiyo kizazi: i5-3470 ni ya kizazi cha 3, i5-6500 ni ya 6, i5-7500 ni ya 7. Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10400, unasoma mbili za mwanzo. Kuanzia kizazi cha 2 hadi cha 5, grafiki ya ndani ya Intel inafungua H.264 vizuri, ila HEVC haiwezi kuifungua kikamilifu. Kizazi cha 6 kinafungua HEVC ya biti 8. Kizazi cha 7 kilileta HEVC ya biti 10 pamoja na VP9, na kwenye kompyuta za mezani kizazi cha 11 kikaongeza AV1. Ikiwa namba inaishia na herufi F, kama i5-9400F, prosesa hiyo haina grafiki ya ndani, na hapo kadi ni lazima.

Ona maana yake kwa mfuko wako. Mwenye mashine ya kizazi cha 7 na kuendelea hahitaji kadi kwa ajili ya filamu za HEVC wala YouTube. Na mwenye kizazi cha 3 ambaye TV yake ni ya inchi 32 pia asikimbilie kadi, kwa sababu TV nyingi za ukubwa huo zina nukta 1366 kwa 768 tu. Kuipelekea faili la 4K ni kuitesa mashine bure. Atafute nakala ya 1080p au 720p. Hata HEVC ya 1080p, prosesa yenye viini vinne kama i5-3470 mara nyingi huimudu yenyewe. Kwa YouTube kuna programu-jalizi ya kivinjari iitwayo h264ify inayoilazimisha ilete H.264 badala ya VP9. Inafanya kazi vizuri, ila ina gharama mbili: huwezi kupanda juu ya 1080p, na kwa kuwa H.264 haibani sana, bando litaisha haraka zaidi. Kwa anayetumia intaneti ya kifurushi cha mwezi haina shida. Kwa anayenunua GB mojamoja, apige hesabu.

Anayebaki kwenye foleni ya kununua kadi, basi, ni mtu mwenye mashine ya kizazi cha 2 hadi cha 6, TV ya 4K au ya 1080p iliyo kubwa, na faili za HEVC za biti 10 au hamu ya YouTube ya 4K. Huyu ndiye ninayemwandikia sehemu inayofuata.

Kadi mbili utakazozikuta kwa wingi kuliko zote ni NVIDIA GT 710 na GT 730. Ni za bei rahisi, ni mpya ndani ya boksi, na muuzaji atakuonyesha GT 730 ya GB 4 kwa fahari. Usizinunue kwa kazi hii. Hazifungui HEVC, na kwenye HDMI haziwezi kutoa 4K zaidi ya picha 30 kwa sekunde. Nyingi zimejengwa kwa teknolojia ya zamani ya Kepler, ambayo NVIDIA iliacha kuitolea draiva za kawaida mwaka 2021. Ukiiweka GT 730 kwenye mashine yako ya kizazi cha 3, filamu iliyokuwa inaganda itaganda vilevile. Umelipia GB 4 ambazo hazitaguswa.

Kando yake kwenye kabati la duka huenda ipo GT 1030 ya GB 2. Mteja anaiona ndogo na kuipita, kumbe ndiyo anayoihitaji. Ilitoka mwaka 2017, inafungua HEVC ya biti 10 na VP9, ina HDMI 2.0 inayotoa 4K kwa picha 60 kwa sekunde, na inakula wati 30 tu. Ziko aina zake zisizo na feni kabisa, na sebuleni ukimya huo ni raha kubwa pale filamu inapofika kwenye mazungumzo ya chini chini. Haifungui AV1. Pia kuwa macho na jambo moja: kuna GT 1030 ya GDDR5 na kuna iliyotoka mwaka 2018 ikiwa na DDR4, ambayo kumbukumbu yake ni ya polepole sana. Majina ni yaleyale, boksi linafanana. Kwa filamu tofauti si kubwa, lakini bei ya DDR4 lazima iwe chini, na anayetaka kucheza gemu ndogo pembeni aiache. Usiridhike na maneno ya muuzaji. Soma ubavu wa boksi.

Njia ambayo ningeipendelea kwa mwenye bajeti finyu ni kadi za mtumba zilizotoka kwenye kompyuta za wahandisi: Quadro P400, P620 na P1000. Zimejengwa kwa teknolojia ileile ya Pascal kama GT 1030, kwa hiyo HEVC ya biti 10 na VP9 zimo. P400 inakula wati 30, P620 wati 40, na zote ni fupi kiasi cha kuingia kwenye kesi nyembamba. Wanunuzi wengi hawazijui, jambo ambalo mara nyingine huzishusha bei. Kasoro yake ni kwamba hazina tundu la HDMI. Zina DisplayPort ndogo tu, hivyo utahitaji kiunganishi cha kuigeuza kuwa HDMI. Kuwa mwangalifu na herufi. Quadro K600 au K620 zinafanana nazo kwa sura, ila ni za zamani na HEVC haziifungui kikamilifu. Herufi K iache, herufi P ichukue.

Upande wa AMD, RX 550 inafungua HEVC ya biti 10 na ina HDMI 2.0, ingawa kwa VP9 haiko kamili, hivyo mtazamaji wa YouTube afadhali GT 1030. Kadi za zamani zaidi za AMD kama HD 6450 na R5 240, ambazo mara nyingi huja ndani ya mashine za mtumba, ziko kundi moja na GT 710. RX 6400 ya mwaka 2022 inafungua HEVC na VP9 kwa wati 53, lakini AMD waliiondolea AV1. Si kadi mbaya, ila mtu anayelipa bei ya kadi ya mwaka 2022 ana haki ya kutarajia AV1, na hapa hataipata.

Kama AV1 ni lazima kwako, kadi za bei ya chini zinazoifungua ni Intel Arc A310 na A380. Kwa video ni nzuri sana, ila zinahitaji mashine inayowaka kwa UEFI, mfumo mpya zaidi wa kuwashia kompyuta, na kwenye madabodi za zamani zinaweza kusumbua. Sizishauri kwa OptiPlex ya kizazi cha 3. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zinafungua HEVC na VP9 bila shida, ila bei yake inabeba nguvu ya gemu; zichukue tu kama watoto watacheza. Na kuna kanuni ninayoisimamia kwa kila anayeniuliza: bei ya kadi ikikaribia nusu ya bei ya mashine nzima ya kizazi cha 7 au cha 8, acha kadi, uza uliyonayo, uongeze ununue mashine nyingine. Kizazi cha 8 kina faida ya ziada, kwamba Windows 11 inakikubali rasmi, wakati Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa mwili wa mashine. Kompyuta za ofisi zinakuja kwa maumbo matatu hivi. Ile kubwa iliyosimama inapokea karibu kadi yoyote ndogo. Ile nyembamba inayolazwa chini ya skrini inapokea kadi fupi tu, zenye kibati kifupi cha kufungia kwa nyuma. Na ile inayotoshea kiganjani haina nafasi ya kadi kabisa, usidanganywe. Watu wengi walio na mashine nyembamba hukwama kwenye kibati: kadi yenyewe ni fupi, lakini imekuja na kibati kirefu, na kifuniko hakifungi. Fungua boksi ukiwa bado dukani, hakikisha kibati kifupi kimo. Angalia pia unene, maana kwenye baadhi ya kesi hizi kadi inayochukua nafasi mbili inagonga pawa saplai.

Umeme usikuogopeshe sana kwa kadi hizi. Tundu la kadi kwenye madabodi kwa kawaida hutoa hadi wati 75, ingawa baadhi ya mashine nyembamba zimewekewa kikomo cha chini zaidi na mtengenezaji. OptiPlex 7010 nyembamba ya kizazi cha 3 ina pawa saplai ya wati 240, na kadi ya wati 30 haiisumbui. Kadi yoyote inayodai waya wa ziada kutoka pawa saplai si ya mashine hizi. Kwa matumizi ya nyumbani, wati 30 kwa saa tano kila siku ni kama uniti 4.5 kwa mwezi, na hiyo ni kadi ikifanya kazi kwa nguvu zote, jambo ambalo filamu hailifanyi.

Joto lina hadithi yake. Kadi isiyo na feni inategemea hewa inayopita ndani ya kesi, na wengi wetu tunaisukumia kompyuta ndani ya kabati la TV lililofungwa nyuma. Kwa joto la Dar au Mombasa hilo ni kosa. Iweke mahali penye upenyo nyuma na pembeni, na ipulizwe vumbi kila baada ya miezi michache.

Kuhusu waya: mashine nyingi za ofisi za kizazi cha 3 na cha 4 hazina HDMI, zina DisplayPort na VGA. Kwa TV ya 1080p kiunganishi cha bei rahisi cha DisplayPort kwenda HDMI kinatosha. Kwa 4K ya picha 60 kwa sekunde unahitaji kiunganishi chenye chipu yake, kilichoandikwa 4K 60Hz, kwa sababu vile vya bei ya chini huishia picha 30. Hili linamhusu sana mwenye kizazi cha 7: grafiki yake inafungua kila kitu anachohitaji, tatizo ni mlango wa kutokea tu, na kiunganishi kimoja kinammalizia shida bila kadi. Ingia pia kwenye mipangilio ya TV uwashe HDMI UHD Color au jina linalofanana nalo. Kwenye baadhi ya TV huja ikiwa imezimwa. Anayetaka Netflix ya 4K ajue kwamba inadai kinga ya kunakili iitwayo HDCP 2.2 kuanzia kadi, kiunganishi, hadi TV, na kwamba kwenye Linux hataipata.

Dukani kuna hatari nyingine, kadi bandia. Zimekuwepo kwa miaka mingi kadi zilizoandikwa GTX 1050 Ti ambazo ndani yake ni GTS 450 au GTX 550 Ti za zamani, zilizobadilishwa programu ya ndani ili Windows isome jina la uongo. Dalili moja inayoonekana kwa macho: kadi inayojiita GTX 1050 Ti ikiwa na tundu la VGA la rangi ya buluu, itilie shaka mara moja, maana GTX 1050 Ti halisi ni ya Pascal, na chipu za Pascal haziungi mkono VGA. Dalili ya uhakika zaidi utaipata kwa programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo ikigundua udanganyifu huandika FAKE mbele ya jina la kadi. Nenda na flashi yenye GPU-Z, VLC, na kipande cha video ya HEVC ya biti 10 ya 4K, kama unacho. Muombe fundi aichomeke kadi kwenye mashine yoyote iliyopo, uicheze video ile dakika tano, uangalie Video Decode ikipanda na CPU ikitulia. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika tano amekusaidia kuamua. Risiti iwe na jina kamili la kadi, si neno grafiki peke yake.

Ukishaifunga nyumbani, usishangae sauti ikipotea. Kadi mpya inaleta njia yake ya sauti kupitia HDMI, na Windows inaweza kubaki kwenye ile ya zamani. Bofya alama ya spika, chagua jina la TV yako. Ukiwa na spika kubwa za sinema zenye mtambo wake, washa passthrough kwenye VLC au kwenye Kodi, programu ya sinema ya nyumbani, ili sauti ya Dolby na DTS ifike kwenye mtambo ikiwa nzima.

Rekebisha na picha. Kingo za skrini zikikatwa, tafuta kwenye TV chaguo la Just Scan au Screen Fit. Weusi ukionekana wa kijivujivu, au vivuli vikimezwa na giza, kadi na TV hazijakubaliana kuhusu kiwango cha rangi: ndani ya mipangilio ya NVIDIA au AMD badilisha kati ya Full na Limited hadi nyuso za watu kwenye matukio ya usiku zionekane. Mwisho ni mwendo. Filamu nyingi zina picha 24 kwa sekunde, na TV inayopokea 60 huzigawa bila usawa, ndiyo maana kamera inapogeuka polepole unaona mtikisiko mdogo. Kwenye Kodi nenda kwenye mipangilio ya Player, kisha Videos, uwashe Adjust display refresh rate. TV itakuwa nyeusi kwa sekunde moja au mbili filamu inapoanza, kisha mwendo utanyooka.